TUSILISINGIZIE JUA

IPO kauli ambayo husikika mara kwa mara maofisini, katika vyumba vya walimu na katika mabaraza ya jioni, nayo ni kwamba joto linaloongezeka duniani ni kazi ya jua, na kwamba binadamu, mdogo kama alivyo, hana uwezo wa kuibadili hali ya dunia nzima. Wasemao hivyo si wajinga. Wengi wao ni watu waliosoma na wenye kuheshimika, na hoja yao ina sura ya hekima: jua ndilo liletalo joto; joto limeongezeka; basi jua ndilo lililoliongeza. Ni hoja nyepesi kubebeka, na kwa sababu hiyo husafiri mbali.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hoja hiyo imekwisha kupimwa kwa vipimo halisi, nayo imeshindwa. La pili, ambalo kwetu sisi ni kubwa zaidi, ni kwamba jambo hili si la wanasayansi peke yao. Ni suala la nani alaumiwe na nani alipe. Jua haliwezi kushtakiwa, haliwezi kudaiwa, wala haliwezi kuitwa mbele ya kamati yoyote kutoa maelezo. Kila anayelibebesha jua lawama, ajue au asijue, anamfutia mdeni deni lake.

SWALI HALALI

Hatuna budi kuanza kwa kutenda haki. Swali kama jua ndilo libadililo hali ya hewa ni swali halali, na wataalamu wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuliuliza. Mwaka 1801 mtaalamu wa elimu ya nyota huko Uingereza, William Herschel, alijaribu kulinganisha idadi ya madoa meusi yanayoonekana usoni mwa jua na bei ya ngano sokoni, akidhani kwamba madoa yakipungua na mavuno nayo hupungua. Katika karne ya 20 Milutin Milanković wa Serbia alikokotoa jinsi njia ya dunia kulizunguka jua na mwinamo wake unavyobadilika polepole, na mwaka 1976 uchunguzi wa matope ya chini ya bahari ulithibitisha kwamba mabadiliko hayo ndiyo yaliyokuwa yakiongoza kuja na kuondoka kwa zama za barafu. Kwa hiyo hakuna mwanasayansi makini anayekana kwamba jua lina nguvu juu ya tabianchi. Lakini mabadiliko aliyoyakokotoa Milanković huchukua makumi ya maelfu ya miaka. Hayawezi kueleza joto lililopanda ndani ya umri wa mtu mmoja.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia ya mjadala huu, na sehemu hiyo inastahili kufundishwa katika kila darasa la jiografia. Tangu mwaka 1896 watawala wa Kiingereza walikuwa wakipima kimo cha maji ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alichapisha uchunguzi ulioonyesha jambo la kushangaza: madoa ya jua yalipoongezeka maji ya ziwa yalipanda, na madoa yalipopungua maji yalishuka. Ulinganifu huo ulikuwa wa karibu mno hata baadhi ya watu wakaamini kwamba umepatikana ufunguo wa kutabiri maji ya ziwa miaka mingi kabla. Si vigumu kuona kwa nini habari hiyo ilipendeza. Nile Nyeupe inatoka katika ziwa hilo, na mashamba ya pamba ya Misri na Sudan, yaliyolisha viwanda vya nguo vya Uingereza, yalitegemea maji ya Nile.

Furaha hiyo haikudumu. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1920 ulinganifu ule ulivunjika; ziwa likashika njia yake na jua likashika njia yake. Uthibitisho mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mwishoni mwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, mvua kubwa zisizo za kawaida zilinyesha Afrika Mashariki, na kufikia mwaka 1964 maji ya ziwa yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya mita 2. Miaka hiyo hiyo madoa ya jua yalikuwa yakipungua, kutoka kilele cha 1957 na 1958 hadi kiwango cha chini kabisa mwaka 1964. Lau ziwa lingalikuwa linalitii jua, maji yangalishuka. Wataalamu walikuja kuzieleza mvua za 1961 kwa sababu nyingine kabisa, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Hindi upande huu wetu wa magharibi, kulikoongeza mvuke ulioletwa barani na upepo.

Funzo la Ziwa Victoria ni kwamba vitu viwili vikienda pamoja kwa miaka ishirini na kitu, si lazima kimoja kiwe mzazi wa kingine. Jogoo huwika kabla ya kupambazuka, lakini hakuna asemaye kwamba jogoo ndiye aletaye mchana. Anayetaka kutushawishi kwamba jua ndilo lililoongeza joto la siku hizi hana budi kutuonyesha zaidi ya mistari miwili inayofanana katika karatasi. Hana budi kutuonyesha kwamba nguvu ya jua imeongezeka kweli kweli.

VIPIMO VYASEMAJE?

Zamani nguvu ya jua ilipimwa kutoka ardhini, ambako mawingu na vumbi huvuruga kipimo. Tangu Novemba 1978 vyombo vilivyomo katika setilaiti vimekuwa vikiipima nguvu hiyo kutoka juu ya angahewa. Matokeo yake ni haya. Kila mita moja ya mraba inayolikabili jua huko juu hupokea kiasi cha wati 1,361. Kiasi hicho hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa miaka ipatayo 11 wa madoa ya jua, lakini tofauti kati ya wakati wa nguvu nyingi na wakati wa nguvu chache ni kama wati 1 tu, yaani sehemu moja katika elfu. Tena wati hiyo moja haitufikii nzima. Ikitandazwa juu ya uso wote wa dunia, usiku na mchana, na ikitolewa ile inayorudishwa angani na mawingu na barafu, hubaki chini ya robo ya wati kwa kila mita ya mraba. Hewa ya ukaa peke yake, ile iliyoongezwa na binadamu tangu mwaka 1750, imeongeza zaidi ya wati 2 kwa kila mita ya mraba, nayo haipandi na kushuka kama jua, inalimbikizana.

Fauka ya hayo, tangu miaka ya 1980 jua halijaongeza nguvu. Kama limebadilika, basi limepungua kidogo. Mzunguko ulioanza mwishoni mwa 2008 na kumalizika mwishoni mwa 2019 ulikuwa dhaifu kuliko yote kwa muda wa kama miaka 100. Kama jua ndilo lingekuwa mwenye kosa, miaka hiyo ingekuwa ya ubaridi. Ilikuwaje? Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetamka kwamba miaka 10 kuanzia 2015 hadi 2024 ndiyo miaka 10 yenye joto kubwa kuliko yote tangu vipimo vya dunia vilipoanza kuwekwa, na kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto lililozidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa kiasi cha nyuzi 1.55 za Selsiasi.

Yupo atakayesema kwamba mwaka 2024 jua lilikuwa kileleni mwa mzunguko mpya. Ni kweli lilikuwa kileleni. Lakini kilele cha mzunguko huongeza joto la dunia kwa kama sehemu ya kumi ya nyuzi moja, kisha joto hilo huondoka jua literemkapo. Na mwaka 2020, ambapo jua ndiyo kwanza lilikuwa limetoka katika kiwango chake cha chini, ulikuwa miongoni mwa miaka mitatu yenye joto kubwa kuliko yote iliyokuwa imepimwa hadi wakati huo. Joto linapanda jua likiwa juu, na linapanda jua likiwa chini. Mshukiwa ambaye hakuwapo mahali pa tukio hawezi kutiwa hatiani.

MASHAHIDI WATATU

Kama si jua, ni nini? Elimu ya jambo hili si ngeni. John Tyndall wa Ireland alipima mwaka 1859 jinsi baadhi ya gesi, ikiwamo hewa ya ukaa, zinavyozuia joto lisitoke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa ni kiasi gani dunia ingepata joto iwapo hewa hiyo ingeongezeka. Hesabu zao zilitangulia ndege na mikutano yote ya kimataifa kuhusu mazingira. Mtu aliyejifunika blanketi hupata joto ingawa blanketi halina moto ndani yake. Kazi ya blanketi ni kulizuia joto la mwili lisiondoke. Hewa ya ukaa ni blanketi la dunia. Swali basi ni kama moto umeongezwa kuni au kama aliyelala ameongezewa blanketi. Wapo mashahidi watatu wanaoweza kulijibu.

Shahidi wa kwanza yuko juu angani. Kama jua ndilo lingeongeza nguvu, angahewa yote ingepata joto, tabaka la chini na tabaka la juu pia. Kama blanketi ndilo limeongezwa, chini ya blanketi pangekuwa na joto zaidi na juu yake pangepoa. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Syukuro Manabe, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na mwenzake Richard Wetherald, walichapisha hesabu zilizotabiri jambo hilo: hewa ya ukaa ikiongezeka, tabaka la chini la angahewa litapata joto na tabaka la stratosfia litapoa. Wakati huo hapakuwa na vipimo vya kutosha vya kuwahukumu. Leo vipo, na vinaonyesha kwamba stratosfia imepoa kama walivyosema. Mwaka 2021 Manabe alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Shahidi wa pili ni usiku. Jua halichomozi usiku. Basi kama lenyewe ndilo chanzo, mchana ndio ungepata ongezeko kubwa zaidi. Lakini tangu katikati ya karne ya 20, katika sehemu kubwa ya dunia, joto la usiku limepanda haraka kuliko joto la mchana. Hivyo ndivyo blanketi lifanyavyo kazi.

Shahidi wa tatu ni hewa ya ukaa yenyewe, kwa sababu imebeba alama ya mahali ilikotoka. Mwaka 1958 Charles David Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, huko Hawaii, zilikuwapo sehemu kama 315 za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni moja za hewa. Siku hizi zimevuka 420, na kabla ya zama za viwanda zilikuwa kama 280. Tumejuaje kwamba nyongeza hiyo haikutoka baharini au katika volkano? Viumbe hai vina kiasi kidogo cha kaboni-14, ambayo huoza na kwisha baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Makaa ya mawe na mafuta, ambayo yamelala ardhini kwa mamilioni ya miaka, hayana tena kaboni hiyo. Hans Suess alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kaboni-14 ya angani ilikuwa ikizimuliwa na kaboni nzee isiyo na alama hiyo. Uwiano wa aina nyingine za kaboni unatoa ushahidi ule ule. Ni kama mali ya wizi iliyokutwa na chapa ya ghala ilikoibwa.

Inafaa hapa kusahihisha kosa linaloingia hata katika madaftari ya wanafunzi, yaani kwamba dunia inapata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka na jua linapenya. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Upungufu wa ozoni juu ya ncha ya kusini ya dunia ulitangazwa mwaka 1985. Uliletwa na kemikali za majokofu na za makopo ya kupulizia, na hatari yake kubwa ni miale inayodhuru ngozi na macho. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizipiga vita kemikali hizo, na tabaka hilo limeanza kupona. Joto la dunia halikupungua kwa sababu ya kupona huko. Mwalimu anayeyachanganya mambo haya mawili anamrudisha mwanafunzi kule kule kwenye kulishtaki jua.

Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu yake Nairobi, lilitoa hesabu yake mwaka 2021. Kati ya miaka ya 1850–1900 na miaka ya 2010–2019 shughuli za binadamu ziliongeza joto la dunia kwa kiasi cha nyuzi 1.07. Jua na volkano, kwa pamoja, viliongeza au kupunguza si zaidi ya sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Wapo wanaosema kwamba hiyo ni sayansi ya Wazungu. Na wajue kwamba Julai 2023, katika kikao kilichofanyika Nairobi, Mtanzania, Dk. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo hilo.

WALIOKOSEA NA WALIOPOTOSHA

Ni lazima tutofautishe kati ya aliyekosea na aliyepotosha. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Denmark, Eigil Friis-Christensen na Knud Lassen, walichapisha mchoro uliolinganisha urefu wa mizunguko ya jua na joto la nchi za kaskazini. Mchoro huo ulienea sana, na hadi leo wapo wanaouonyesha. Lakini mwaka 2000 Lassen mwenyewe, akishirikiana na Peter Thejll, aliurudia uchunguzi huo kwa takwimu mpya, wakaona kwamba jua haliwezi kueleza joto la miaka ya karibuni. Huo ndio uungwana wa elimu. Kwa bahati mbaya, mchoro wa kwanza ulisafiri kwa ndege, na masahihisho yakaenda kwa miguu.

Wapo wengine ambao nia yao ilikuwa tofauti. Mwaka 1989 taasisi moja ya mjini Washington iliyoitwa George C. Marshall Institute ilitoa taarifa iliyodai kwamba jua ndilo chanzo kikubwa cha joto lililokuwa limeonekana, na taarifa hiyo ikafikishwa hadi Ikulu ya Marekani. Taasisi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1984, si kwa ajili ya kuchunguza hali ya hewa, bali kwa ajili ya kutetea mpango wa Rais Reagan wa silaha za angani. Mmoja wa waasisi wake, Frederick Seitz, alikuwa amepata kuwa mshauri wa kampuni ya sigara ya R. J. Reynolds, katika zama ambazo makampuni ya sigara yalikuwa yakigharimia juhudi za kuutia shaka ushahidi wa madhara ya tumbaku. Baadaye taasisi hiyo ilipokea fedha kutoka kampuni ya mafuta ya Exxon.

Na Exxon yenyewe ilikuwa ikijua nini? Mwaka 1977 mwanasayansi wake, James Black, aliwaeleza wakuu wa kampuni kwamba kuchoma makaa na mafuta kungeongeza joto la dunia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulizipitia hesabu za wanasayansi wa kampuni hiyo za tangu 1977 hadi 2003, ukakuta kwamba sehemu kubwa ya utabiri wao wa joto ilitimia. Ndani ya kampuni ukweli ulijulikana. Nje yake, kwa miaka mingi, iliuzwa shaka. Hapa ndipo tunapoona kwamba kulisingizia jua si bahati mbaya ya elimu. Ni mbinu ya zamani ya mwenye mali aliyekamatwa: asiposhinda kesi, ataomba iahirishwe. Na kila mwaka wa kuahirishwa ni mwaka wa faida kwake.

DAWA YA DENI

Kwa nini sisi, watu wa nchi ambayo kila raia wake hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka, wakati Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13, tushughulike na mabishano haya? Kwa sababu sisi ndio wadai.

Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyotolewa zamani bado iko angani. Moshi wa viwanda vya karne iliyopita haujatoweka. Unaendelea kufanya kazi juu ya vichwa vyetu. Katika jumla ya hewa ya ukaa iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu zama za viwanda zianze, Marekani peke yake imetoa kama robo, na nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza zimetoa zaidi ya asilimia 20. Bara zima la Afrika, lenye karibu watu 18 katika kila watu 100 wa dunia, hutoa kama asilimia 4 tu ya ile inayotolewa kila mwaka. Hizi ndizo hesabu za deni.

Nchi zetu hazikunyamaza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 ulikubali kwamba wajibu ni wa wote lakini hauwi sawa kwa wote. Mwaka 2022, mjini Sharm el-Sheikh, baada ya miongo mitatu ya kusukumana, ulikubaliwa Mfuko wa Hasara na Uharibifu. Na Julai 23, 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na kwamba taifa linalovunja wajibu huo laweza kutakiwa kulipa fidia. Walimu wafurahi kujua kwamba safari ya shauri hilo ilianzishwa na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki mwaka 2019, kisha serikali ya Vanuatu ikalifikisha Umoja wa Mataifa.

Lakini upinzani nao haukulala. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa katika Mkataba wa Paris kwa mara ya pili, na Machi mwaka huo huo ikajiondoa katika bodi ya Mfuko wa Hasara na Uharibifu. Na tufikiri basi: shauri lote hili limesimama juu ya nguzo moja, kwamba aliyeharibu anajulikana. Ikiwa jua ndilo liliharibu, hapana deni, hapana fidia, hapana wajibu. Iliyobaki ni sadaka, na sadaka hutolewa mtoaji apendapo. Mtumishi wa umma wa Tanzania anayeirudia hoja ya jua katika mazungumzo yake anamwandikia mdeni wetu utetezi, tena bila malipo.

NYUMBANI KWETU

Hata hivyo, mdai mwema ni yule ambaye hesabu zake ni safi. Kama ilivyo kosa kulisingizia jua, vivyo hivyo ni kosa kuisingizia tabianchi kwa kila uzembe wetu. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kutokana na mvua kubwa, mafuriko na maporomoko. Wataalamu waliozichunguza mvua za masika ya mwaka huo Afrika Mashariki walikadiria kwamba ongezeko la joto la dunia lilizidisha ukali wake kwa kama asilimia 5, nao wakaeleza kuwa kukua haraka kwa miji na kujaa watu mabondeni kulizidisha maafa. Asilimia hizo 5 tuzidai kwa wenye viwanda. Mfereji ulioziba, kibanja kilichogawiwa bondeni kwa mhuri wa ofisi, daraja lililojengwa chini ya kiwango, hayo tudaiane sisi kwa sisi. Mtumishi anayejibu kila swali la wananchi kwa kusema "ni mabadiliko ya tabianchi" ametafuta jua jingine la kulisingizia.

Vivyo hivyo kuhusu Mlima Kilimanjaro. Barafu yake ilikuwa na eneo la kama kilomita 12 za mraba mwaka 1912. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Lakini wataalamu walioichunguza kwa miaka mingi wanaeleza kwamba barafu hiyo ilianza kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya umefanya kazi kubwa kuliko joto la kilele. Kwa hiyo tusiitumie kama ushahidi wa kwanza kila tunaposimama. Ziwa Tanganyika ni shahidi mwenye nguvu zaidi: vipimo vimeonyesha kwamba maji yake yamepata joto, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha jinsi joto hilo linavyozuia maji ya chini yenye rutuba kupanda juu, na hivyo kupunguza chakula cha samaki. Mvuvi wa Kigoma anahusika moja kwa moja na mjadala huu, hata kama hajapata kusikia jina la Exxon.

Wala tusimbebeshe mama auzaye mkaa lawama isiyo yake. Kukata miti ovyo kunakausha vyanzo vya maji na kumomonyoa udongo, na kwa sababu hiyo tukukomeshe na kumpatia mama huyo nishati nyingine anayoweza kuinunua. Lakini joto la dunia halikuanzia katika jiko lake. Taifa letu limejenga Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo hautoki katika makaa ya mawe. Unatoka katika maji, na maji hutoka katika mvua. Nchi iliyoweka mategemeo yake katika mvua kiasi hicho haiwezi kuwa mtazamaji katika mabishano juu ya nani anaivuruga mvua.

WAJIBU WETU

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule zetu zimjenge kijana mwenye akili ya kuuliza. Mwanafunzi anayeuliza kama jua ndilo chanzo asinyamazishwe. Ameuliza swali ambalo Herschel na Brooks waliliuliza kabla yake. Lakini asiachwe na jibu la nusu kwa nusu, la kwamba wengine husema hivi na wengine husema vile, kana kwamba ushahidi wa pande mbili una uzito mmoja. Mwalimu na amchoree ubaoni mistari miwili, wa nguvu ya jua na wa joto la dunia tangu 1978, kisha amwachie atazame mwenyewe mahali mistari hiyo inapoachana. Amweleze kisa cha Ziwa Victoria. Amfundishe blanketi, usiku na kaboni-14. Kijana huyo akija kuwa ofisa anayeiwakilisha Tanzania katika mikutano ya mataifa, hatababaishwa na mchoro wa mwaka 1991.

Na mtumishi wa umma aandikaye taarifa ya wilaya, mkoa au wizara aandike kwa usahihi: mvua ilinyesha kiasi gani, mfereji ulikuwa na hali gani, nyumba zilijengwa wapi na kwa ruhusa ya nani, hasara ilikuwa kiasi gani. Madai ya fidia hayatashinda kwa hotuba. Yatashinda kwa kumbukumbu zilizotunzwa miaka kwa miaka katika majalada yetu. Wataalamu walipotaka kuijua tabia ya Ziwa Victoria walikuta vipimo vya tangu 1896, kwa sababu palikuwa na mtu aliyekwenda ufukoni kila siku kusoma namba na kuiandika. Watakaotudai hesabu kesho, na watakaodai kwa niaba yetu, watayahitaji majalada tunayoyaandika leo.